Mazungumzo Baada ya Habari: Ruzuku ya Shule na Kazi ya Wanafunzi, Dzaleka na Lilongwe



Mwezi wa Novemba mwaka 2018, katika mapambano ya Kididiwe, karibu na mji wa Beni huko Kivu ya Kaskazini, Koplo Ali Khamis Omary wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania alijeruhiwa vibaya, naye akawa anatokwa na damu mbele ya adui. Mpiganaji wa Malawi, Praiveti Chancy Chitete, alimwendea chini ya risasi, akamkokota hadi penye kinga, akawa anamfunga jeraha ili kuzuia damu. Akiwa katika kazi hiyo alipigwa risasi, na baadaye akafa. Koplo Omary alipona. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ulimtunuku marehemu Chitete nishani ya ushujaa iliyopewa jina la Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, yule aliyeokoa watu wengi Rwanda mwaka 1994 kabla naye hajauawa.

Habari hiyo mnaijua, na wengine wenu mlikuwako. Naikumbusha leo kwa sababu watu ambao kikosi kile cha Tanzania, Malawi na Afrika ya Kusini kilikuwa kikijaribu kuwakinga hawakubaki wote Kongo. Kwa miaka mingi watu wa Kivu wamevuka Ziwa Tanganyika, wamepita nchini mwetu, wamesafiri kwa mabasi na malori hadi mpakani, na wengi wao wamekomea katika wilaya ya Dowa, nchini Malawi, mahali paitwapo Dzaleka. Watoto wao wanasoma huko. Mazungumzo ya leo yanahusu watoto hao, pamoja na wenzao wa mji mkuu wa Lilongwe, na jambo moja dogo kwa kulitazama, nalo ni fedha za ruzuku ambazo shule huwapa wanafunzi ili wao wenyewe wabuni na kuendesha kazi za kuitumikia jamii inayowazunguka.

Dzaleka si jina la furaha. Katika siku za utawala wa Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza, na wengi waliofungwa humo walikuwa wafungwa wa siasa. Husemwa kwamba kwa Kichewa jina hilo lina maana ya mtu anayeapa kuwa ameacha, hatarudia tena. Mwaka 1994 gereza likageuzwa kambi ya wakimbizi. Kambi ilikusudiwa watu kiasi cha elfu kumi au kumi na mbili. Leo inao zaidi ya elfu hamsini. Walio wengi ni Wakongo, kisha Warundi na Wanyarwanda, na wachache kutoka Somalia na Ethiopia. Mtanzania akiingia sokoni Dzaleka hahitaji mkalimani: biashara huendeshwa kwa Kiswahili, na ugomvi wa majirani husuluhishwa kwa Kiswahili.

Lakini shuleni mambo yamegeuka. Mtoto aliyeanza masomo kwa Kifaransa huko Uvira au Bukavu anakuta mwalimu akifundisha kwa Kiingereza, na wenzake Wamalawi wa vijiji vya jirani, ambao nao husoma katika shule hizo, wakizungumza Kichewa. Darasa moja hujaa wanafunzi zaidi ya mia. Mwalimu wa namna hiyo hata akiwa hodari vipi hawezi kumwinamia mtoto mmoja mmoja. Hapo ndipo mwanafunzi wa darasa la juu, anayejua lugha tatu, anapokuwa na thamani ambayo hata wizara haiwezi kuinunua. Akikaa na wadogo zake saa moja kila jioni chini ya mti, akawafasiria somo la hesabu kwa Kiswahili, amefanya utumishi wa kweli. Na gharama yake ni nini? Ubao, chaki, daftari chache, na pengine taa ya jua. Hiyo ndiyo aina ya kazi ambayo ruzuku ndogo huweza kuiwezesha, na ambayo bila ruzuku hiyo hukwama kwa kukosa boksi la chaki.

Jambo hili si ndoto. Mwaka 2010 shirika la Wajesuti lilianzisha Dzaleka, pamoja na Kakuma nchini Kenya na Aleppo nchini Syria, mafunzo ya juu kwa wakimbizi, ambayo stashahada yake ilitolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani. Pembeni mwa stashahada hiyo paliwekwa kozi fupi ambazo msingi wake ni huu: mtu ajifunze jambo ambalo jamii yake inalihitaji, kisha alirudishe kwa jamii hiyo. Katika kambi ile ile Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi, alianza kuwafundisha vijana wenzake kazi ya kutengeneza programu za kompyuta. Mwaka 2014 mshairi wa Kikongo ajulikanaye kama Menes La Plume aliasisi Tamasha la Tumaini, ambalo huwaleta Wamalawi kambini kwa muziki na michezo ya kuigiza, watu ambao wasingefika huko kwa sababu nyingine yoyote. Iko pia redio ya jamii iitwayo Yetu. Mambo yote hayo yalianzishwa na watu ambao kwa hesabu za makaratasi ni wapokeaji wa msaada tu.

Na hapa yafaa tueleze ugumu wenyewe. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987, iliweka masharti yake katika mambo kadhaa, yakiwemo haki ya kufanya kazi ya kulipwa na haki ya kutembea popote. Tusiilaumu upesi. Katika miaka ile nchi hiyo ndogo ilikuwa ikibeba wakimbizi wa Msumbiji ambao walipata kufika zaidi ya milioni moja, mzigo ambao mataifa tajiri hayajapata kuubeba kwa kiasi hicho. Hata hivyo matokeo yake kwa kijana wa leo ni mazito. Anamaliza kidato cha nne, amefaulu, na lango la ajira limefungwa. Akitaka kutoka kambini anahitaji kibali. Kwake yeye kazi ya kujitolea si pambo la kutia katika barua ya maombi kama ilivyo kwa vijana wa nchi nyingine. Aghalabu ndiyo kazi pekee iliyo halali kwake.

Sasa tuteremke hadi Lilongwe. Mji huo ulifanywa makao makuu mwaka 1975, ukachukua nafasi ya Zomba, na mitaa yake mingi ikapewa namba badala ya majina. Ndiyo maana mtu huulizwa anakaa wapi naye akajibu: Area 30, palipo makao makuu ya Polisi, au Area 49, kwenye mitaa ya Gulliver na Shire. Area 49 ni mahali pa watu wa kila namna, watumishi wa serikali, wafanyabiashara na wapangaji. Wanafunzi wa huko hawana shida ya kibali. Shida yao ni ile ya miji yetu yote inayokua haraka: mifereji iliyoziba, takataka, foleni ya maji, na madarasa yaliyofurika tangu Malawi ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 1994, wakati idadi ya wanafunzi iliporuka kutoka karibu milioni 1.9 hadi karibu milioni 3 kwa mwaka mmoja.

Serikali ya Malawi, kwa kusaidiwa na wafadhili, hupeleka ruzuku ya maendeleo moja kwa moja shuleni, na matumizi yake hupangwa na kamati ya shule pamoja na wazazi. Sisi tunalifahamu jambo hilo. Tulianza ruzuku ya namna hiyo katika Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi mwaka 2002, na kiwango cha shilingi elfu kumi kwa kila mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka mnakifahamu ninyi mlio wajumbe wa kamati za shule. Kwa kawaida fedha hizo huishia kwenye chaki, vitabu na ukarabati, na ndivyo inavyopasa. Hoja ninayoileta ni kwamba sehemu ndogo ya ruzuku, iwe ya serikali au ya shirika, ikitengwa na kuachwa mikononi mwa wanafunzi kwa kazi waliyoichagua wao, huzaa kitu ambacho chaki haizai.

Ninyi askari mtaelewa upesi kuliko wengine kwa nini nasema hivyo, kwa maana mnajua masurufu. Afisa akipewa masurufu kwa safari ya kikazi, hayo si mali yake wala si zawadi. Ana muda wa kuyatumia, ana kazi iliyotajwa, na akirudi anaweka mezani stakabadhi na chenji. Asiporejesha masurufu ya kwanza hapati ya pili. Mwanafunzi wa miaka kumi na sita anayeshika fedha za wenzake arobaini, akaandika katika daftari kila sabuni na kila msumari, kisha akasimama mbele ya kamati kueleza kwa nini ndoo mbili zimepotea, amejifunza somo la uraia ambalo halimo katika kitabu chochote. Naye akifundishwa hivyo mapema, huenda kesho akiwa mhasibu wa halmashauri tusimsome katika ripoti ya Mkaguzi Mkuu.

Lakini fedha hizo zikitolewa ovyo huharibu. Nimepata kushuhudia, na hapa sitaji shule wala mfadhili, kazi ya kupanda miti ambayo nusu ya ruzuku yake ilikwisha kwa fulana, bango na chakula cha wageni wa heshima. Miti ilipandwa asubuhi ya sherehe. Hakuna aliyetengewa fedha ya kuimwagilia. Nilipopita tena baada ya miezi mitatu, bango lilikuwapo bado. Watoto wale walijifunza kitu siku ile, ila sicho tulichokusudia.

Iko kumbukumbu nyingine, nzito zaidi, ambayo Mmalawi wa makamo hawezi kuisahau anaposikia maneno "vijana" na "utumishi" yakitajwa pamoja. Mwaka 1963 kiliundwa chama cha Mapayoniya Vijana wa Malawi. Shabaha yake ya kwanza ilikuwa njema: kuwafunza vijana kilimo cha kisasa na moyo wa kujenga nchi. Wanafunzi nao walikuwa na Wiki ya Vijana, ambapo walijenga madaraja, barabara na nyumba za walimu. Polepole mambo yakageuka. Mapayoniya wakapewa silaha, wakawa jicho na fimbo ya chama tawala, na mwaka 1965 sheria ikasema kwamba polisi hawezi kumkamata Payoniya bila ya kwanza kushauriana na kamanda wao wa wilaya. Fikirini, ndugu askari, mhalifu yuko mbele yako, nawe huna budi kwenda kuomba shauri kwa mkubwa wake! Kazi ya kujitolea ikawa kazi ya kuamrishwa, na mzazi ambaye mtoto wake hakwenda alijua kuwa jina lake limeandikwa mahali.

Mwisho wake ulifika Desemba 1993. Baada ya askari wa jeshi kuuawa na Mapayoniya huko Mzuzu, Jeshi la Malawi lilitoka makambini likawanyang'anya silaha nchini kote, katika operesheni iliyoitwa Bwezani, yaani rudisheni. Miezi michache baadaye, Mei 1994, nchi ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka thelathini. Kwa hiyo mwalimu wa Lilongwe anapotaka leo wanafunzi wake wafagie soko au wazibue mfereji, hana budi kwanza kuwahakikishia wazazi kwamba si ile Wiki ya Vijana inayorudi kwa mlango wa nyuma. Na njia ya kuwahakikishia si hotuba. Ni kuwaacha watoto wachague kazi wenyewe, na asiyetaka asiadhibiwe.

Nasi hatukukosa misukosuko yetu. Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa mwaka 1963, na mwaka 1966 ilipoamuliwa kwamba wasomi wote watumikie kwa lazima, huku kwa sehemu kubwa ya muda huo wakipata asilimia arobaini tu ya mshahara, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana mwezi wa Oktoba. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawarudisha nyumbani karibu mia nne. Watu hukumbuka hasira ile. Wanasahau kwamba siku hiyo hiyo Mwalimu alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia ishirini, na kwamba miezi mitano baadaye, Machi 1967, alitoa Elimu ya Kujitegemea, ambamo alitaka shule iwe jumuiya inayofanya kazi na wanafunzi wawe na sauti katika kupanga kazi hiyo. Mashamba ya shule yalifuata. Palipokuwa na mwalimu mwenye hekima, watoto walilima, wakauza, wakaona fedha zimenunua nini. Pengine shamba likawa adhabu ya wachelewaji na mavuno yakaenda jikoni kwa mkuu wa shule. Waraka ulikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa nani alipanga na nani aliona hesabu.

Ukitaka kuona faida ya utumishi wa wanafunzi pale unapofanywa kwa busara, tazama kipindupindu. Ugonjwa huo ulizuka Malawi Machi 2022, ukadumu zaidi ya mwaka, ukaua watu zaidi ya 1,700, idadi ambayo nchi hiyo haikupata kuiona kabla. Januari 2023 shule za Lilongwe na Blantyre zilichelewa kufunguliwa kwa wiki mbili kwa ajili hiyo. Dawa na hospitali ni kazi ya serikali; mwanafunzi hatundiki dripu. Lakini kuweka ndoo ya maji yenye bomba na sabuni kwenye mlango wa choo cha shule, kuhakikisha kila asubuhi kwamba maji yamo na yametiwa dawa, kwenda nyumba kwa nyumba na kueleza kwa lugha ambayo bibi wa nyumba ile anaielewa namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari, hiyo ni kazi ambayo kijana huifanya vizuri kuliko gari lenye kipaza sauti. Katika kambi yenye watu elfu hamsini na lugha nyingi, mtoto wa shule ndiye mkalimani aliye karibu kuliko wote.

Nimebakiza jambo ambalo linawahusu watu wa sare moja kwa moja.

Mwezi wa Machi 2023 serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi wote waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warejee Dzaleka ifikapo katikati ya Aprili. Wengi walikuwa wameishi nje kwa miaka mingi, wana maduka, na watoto wao walikuwa katika shule za mjini. Muda ulipokwisha, polisi, na mahali pengine askari wa jeshi, waliingia mitaani. Mamia ya watu walikamatwa, wakiwemo watoto, na baadhi walipitishwa katika gereza la Maula kabla ya kupelekwa kambini. Serikali ilitaja sababu za usalama na za uchumi, na kila dola ina haki ya kulinda sheria zake. Mimi si msemaji wa nchi jirani wala si hakimu wake. Nasema tu kile ambacho kila askari mzoefu anakijua: mtoto aliyetolewa darasani na mtu mwenye sare hamsahau mtu huyo.

Sasa fikirini mradi mmoja, ambao kwa karatasi ni mwepesi kabisa. Wanafunzi wa sekondari wa Area 49 na wenzao wa Dzaleka wanapata ruzuku ya kufundisha wadogo zao kusoma, na wanakubaliana kukutana kila mwezi, zamu kwa zamu. Wamalawi watafika Dzaleka bila taabu. Wakimbizi watahitaji kibali cha kutoka, na baada ya kibali watakuta kizuizi cha barabarani. Pale kizuizini hakuna mfadhili, mwalimu wala waziri. Yuko koplo mmoja, amesimama tangu alfajiri, na mbele yake mtoto wa miaka kumi na saba anayezungumza Kiswahili, mwenye mfuko wa vitabu na karatasi yenye mhuri. Koplo huyo ndiye atakayeamua kwa dakika tatu kama ruzuku ile imekwenda kazini au imepotea. Akiisoma karatasi, akauliza mwalimu ni nani, akaandika saa ya kupita na saa ya kurudi, amelinda sheria na amelinda mradi. Akidai chai, amewafundisha watoto kumi na wawili kwa mpigo bei ya askari.

Mambo haya hayako Malawi peke yake. Nyarugusu, mkoani Kigoma, imepokea Wakongo tangu mwaka 1996, na askari wetu wa Polisi wanafanya kazi huko mchana na usiku. Kila kata yetu ina shule na ina askari kata. Wapo wakuu wa vikosi ambao tayari huwakaribisha wanafunzi kambini kujifunza huduma ya kwanza, na wapo askari ambao huingia katika kamati za shule kama wazazi, wakasaidia kusoma hesabu kwa jicho la mtu aliyezoea leja ya bohari. Hayo hayahitaji waraka mpya. Wanafunzi wakija kituoni kuomba kibali cha kusafisha mfereji ulio kando ya barabara kuu, wapewe askari mmoja wa kusimamisha magari wakati wanachimba. Wakiwa na barua ya ruzuku, ombeni pia kuona daftari la matumizi. Watoto hupenda kuonyesha daftari lililoandikwa vizuri. Na likiwa limeandikwa vibaya, waonyesheni pale pale namna ya kuliandika, kabla mwisho wa muhula haujafika na mkaguzi hajaja.